Walimu mlioko ughaibuni: mama wa Kiyahudi wa kwenye TV na mama wa darasani kwenu, tupeane uzoefu

Mwl_Kibonge (Brooklyn)
Wakuu salaam. Mi ni msaidizi wa mwalimu darasa la pili hapa Brooklyn, darasani kwangu wamo Wabangladeshi, Wahaiti, Wayemeni, Warusi, Wayahudi, na mmoja mama yake katokea Bujumbura, tukikutana getini tunapiga Kiswahili mpaka mlinzi anatukodolea macho. Sasa mama wa Kiyahudi wa kwenye TV mnamjua. Yule Sylvia wa kipindi cha vichekesho cha The Nanny, mdomo haupumziki kula na ukipumzika ni kumuuliza binti yake ataolewa lini, halafu Beverly wa The Goldbergs anayevamia shule kisa mwanae kaonewa kwenye alama. Nilipopangiwa hilo darasa wenzangu wakanicheka, jiandae na akina Beverly! Aisee aliyenivamia ni mama wa Kibangladeshi, mtoto kapata 92 kwenye hesabu yeye anataka kujua hizo 8 zimeenda wapi, kashika karatasi kaikunja pembeni kila penye kosa. Mama wa Kiyahudi niliye naye ni mtu wa salamu na kwaheri, kinachomhusu ni mwanae asilishwe nyama na maziwa pamoja basi. Na nyie mkoje huko? Shusheni visa.

Achieng_LDN
Haki umenichekesha. Mimi niko London kaskazini, Wayahudi wenye kushika dini sana wa mtaa wa Stamford Hill wako na shule zao, sisi tunapata wa kawaida wakichanganyika na Waturuki, Wasomali na Wanaijeria. Huku kulikuwa na kipindi cha Friday Night Dinner, kilianza 2011 kikaisha 2020, vijana wakubwa wanarudi kwa wazazi kila Ijumaa kula na kila Ijumaa vitu vinaharibika. Mama mwenyewe, Jackie, ndio mwenye akili hapo, baba ndio vituko. Lakini hiyo Ijumaa ni ya ukweli bana. Sabato inaanza jua likizama na Desemba hapa jua linazama saa kumi kasoro, so wale wanaoshika wanaomba mtoto atoke mapema. Mwalimu mgeni atasema huyu mama anadekeza. Mimi mtihani wa imla huwa naweka Alhamisi, hakuna ugomvi na mtu.

mzee_wa_maktaba
Ngojeni kwanza, watu wanadhani huyu mama king'ang'anizi yupo tangu enzi za Musa. Mwaka 1929 redio ya Marekani ilianza kipindi cha Gertrude Berg, anakiandika mwenyewe na kuigiza mwenyewe, mama anaitwa Molly Goldberg, anaishi Bronx, anaita jirani dirishani, ana busara zake na moyo mkubwa, na hata wasiokuwa Wayahudi walimpenda. 1949 kikaingia TV, na 1951 mama wa watu akabeba tuzo ya Emmy ya mwigizaji bora wa kike. Baada ya hapo ndo kibao kikageuka. Watoto wakasoma, wakahamia vitongoji vizuri, vijana wa kiume wakawa waandishi na wachekeshaji, na mama ndo akawa kichekesho chenyewe. 1964 Dan Greenburg katoa kitabu cha kumtania, 1969 Philip Roth kaja na riwaya ya Portnoy's Complaint, humo mama anamsimamia mtoto na kisu cha mkate ili ale. Tangu hapo ni yuleyule tu wanambadilisha nguo, mpaka kwenye kipindi cha vichekesho cha The Big Bang Theory mama yake Howard anapiga kelele kutoka chumba cha pili na sura hatuonyeshwi. Sasa jiulizeni msimulizi ni nani. Bibi katoroka mauaji Urusi, kashona mashati New York mgongo umepinda ili kijana aende chuo, kijana kashiba ndo anaandika kwamba alilishwa kupita kiasi!

Nambozo_Mbale
Nyinyi wa majuu mmesahau Wayahudi wako hapa kwetu pia. Abayudaya wa hapa Mbale, Uganda, tangu kiongozi wao Semei Kakungulu aliposhika Torati mwaka 1919. Mimi nimefundisha primary hiyo sehemu, Myahudi, Mwislamu na Mkristo dawati moja na hakuna anayeshangaa. Huyo wa TV wamama wa hapa hawamjui kabisa. Ijumaa mchana utawaona mbio mbio na kuni na sufuria, chakula kiive kabla jua halijazama kwa sababu ya Sabato. Lakini wakija shule, wa Sabato na wa Ijumaa na wa Jumapili wote swali ni moja, mwalimu, ada naweza kulipa nusu nusu?

Mwanahawa_MN
Mi nitawaharibia raha kidogo. Nipo Minneapolis, shule niliyokuwa zamani sitaitaja. Kulikuwa na mama mmoja wa Kiyahudi anapiga simu kila mara kuuliza kama mwanae mwenye pumu katoka nje na dawa yake ya kuvuta. Ofisini akikata simu tu wanaanza kumwigiza, ile sauti ya puani ya Fran wa The Nanny, ndo walivyo hawa, wanacheka mpaka machozi. Siku moja ya baridi kali mtoto kabanwa kifua uwanjani, mabega yanapanda na kushuka, maneno hayatoki, na dawa iko kwenye droo, droo imefungwa, mwenye funguo kaenda kula. Ilibidi nimkimbilie kwenye mgahawa wa shule. Mtoto alipona alhamdulillah. Lakini kuna mama wa Kisomali naye alikuwa anapiga simu hivyohivyo, huyo wakimwita mkali, na mama wa Kilutheri, Mmarekani wa hapahapa, alipiga zaidi ya wote na akaombwa aingie kamati ya wazazi. Simu zilezile jamani. Kwahiyo tucheke, ila mimi hicho kicheko nilishakiona kinavyofanya kazi ofisini.

mzee_wa_maktaba
Dada Mwanahawa hapo umemaliza, sina la kuongeza.

kijana_ohio
Shikamooni wakubwa. Naanza kazi kindergarten mwezi ujao, wamo Waislamu na Wayahudi, na nimeambiwa kutakuwa na sherehe za birthday kila wakati. Nilitaka kununua zile peremende laini za kuvutika, mfuko mkubwa bei chee. Kuna tatizo?

Mwl_Kibonge (Brooklyn)
Marahaba. Geuza mfuko usome nyuma, ukiona jelatini uache dukani, nyingi inatoka kwa nguruwe, hapo umewakosa Waislamu na Wayahudi kwa mpigo. Tafuta wenye herufi U ndani ya kiduara, hiyo ni alama ya kosher, yaani chakula kinachofuata sheria za Kiyahudi. Tena hiyo alama haimaanishi halali moja kwa moja, na mzio wa karanga ni habari nyingine, kwahiyo tuma ujumbe kwa wazazi wote kabla.

Achieng_LDN
Ama ununue tu penseli na stika, watoto wanafurahia vilevile.

kijana_ohio
Asanteni sana. Hela ya hizo penseli naombea ofisi gani?

Mwl_Kibonge (Brooklyn)
😂😂 Karibu ualimu mdogo wangu.