Naomba ushauri: digrii 70 zimeniharibia utepe wa nakshi, radiani ni kitu gani hasa?

Mwanafundi_Langoni:
Asalaam aleikum jamaa. Niko Lamu, najifunza useremala kwa ami yangu. Tuna kazi ya mlango wenye tao juu: nusukipenyo sentimita 100 (tumepima hadi katikati ya unene wa utepe), pembe ya tao digrii 70. Ami hufanya kazi kwa kamba na jicho. Mimi nikataka kumrahisishia, nikaandika hesabu kwenye Excel ya simu.

Nilianza na upana wa uwazi: nusukipenyo mara mbili, yaani 200, mara SIN ya nusu ya pembe, SIN(35). Ikatoka hasi 85.6! Rafiki akaniambia Excel haijui digrii, inataka radiani, na radiani moja ni digrii 57. Basi nikagawa 70 kwa 57, nikazidisha kwa 100, urefu wa tao ukawa sentimita 122.8. Nikagawa utepe kwa maua 14 yanayolingana, nikachonga siku mbili. Jana tulipoupinda mahali pake ukazidi milimita 6. Nikiukata, ua la mwisho linakatika. Ami hakunigombeza. Aliushika ule utepe, akaugeuzageuza, akanyamaza, na hapo ndipo nilipoumia.

Nimekosea wapi? Na tafadhali sitaki fomula ya kukariri tu.

Maalim_Mstaafu:
Waaleikum salaam mwanangu. Kilichokuponza ni kutupa desimali mapema. Radiani moja ni karibu digrii 57.2958, si 57. Shika hili: nusu duara ni digrii 180, na nusu duara hiyo hiyo ni radiani pai. Kwa hiyo kutoka digrii kwenda radiani unazidisha kwa pai na kugawa kwa 180. Kurudi, unazidisha kwa 180 na kugawa kwa pai. Yako ni 70 × 3.14159 ÷ 180 = 1.2217, na tao ni sentimita 122.17. Hata 22/7 ya darasani ingekupa 122.22, tofauti ya nusu milimita.

Kwenye Excel andika =SIN(RADIANS(35)). Utapata 0.5736, na upana wako ni 114.7.

Nimesahihisha madaftari miaka mingi. Wanaogeuza fomula juu chini ni wengi mno, na huwa nawaambia hivi: radiani ni kipande kikubwa, kwa hiyo idadi yake lazima iwe ndogo kuliko ya digrii. Ukibadilisha 70 ukapata 4,010, rudi nyuma.

Binti_Mkomani:
Kalkuleta nazo zina mtego huu. Mimi kabla ya mtihani hubonyeza sin 30 kwanza. Ikija 0.5, iko kwenye digrii. Ikija hasi 0.988, iko kwenye radiani. Kuna na ya tatu, ile herufi G (gradi, kipimo kingine cha pembe), hiyo hutoa 0.454. Angalia herufi ndogo juu ya kioo, D au R.

Fundi_wa_Malindi:
Maalim amesema kweli, ila kijana ameuliza radiani ni *nini*. Mdogo wangu, ile kamba mliyofunga kwenye msumari kuchorea tao, ifungue. Iwe sentimita 100 barabara. Ilaze juu ya mchoro wa tao, ifuate mpindo, kuanzia ncha moja. Pembe ya pale kwenye msumari inayozibwa na kamba hiyo ndiyo radiani moja. Hesabu kamba inaingia mara ngapi kwenye tao lote, kisha uje utuambie.

Baharia_Shela:
Naongeza la kwetu. Lamu iko digrii 2.27 kusini mwa ikweta, Malindi 3.22. Tofauti ni 0.95. Igeuze radiani, 0.01658, uzidishe kwa nusukipenyo cha dunia, kilomita 6,371: utapata kama 106 kutoka kaskazini kwenda kusini. Ukizidisha 0.95 yenyewe bila kuigeuza, utaambiwa Malindi iko zaidi ya kilomita 6,000. Kuzidisha pembe kwa nusukipenyo hutoa urefu wa tao ikiwa pembe iko kwa radiani tu.

Mwanafundi_Langoni:
Nimerudi. Tumelaza kamba mimi na ami. Imeingia mara moja, na kilichobaki ni karibu shibiri moja. Nikapima: sentimita 22 na kitu. Yaani ile 1.22 ya Maalim nimeiona kwa macho! Ami akasema, "Kumbe ni kamba yetu." Ameniambia nimwandikie hesabu ile ukutani kwa chaki.

Sasa utepe wangu niufanyeje? Fremu ya mlango imeshaungwa.

Fundi_wa_Malindi:
Usiutupe. Pembe ibaki digrii 70, badilisha nusukipenyo: 122.8 gawa kwa 1.2217 ni 100.5. Tao lolote la kipimo hicho litaupokea bila kugusa ua hata moja. Hamna kazi nyingine kwenye nyumba hiyo?

Mwanafundi_Langoni:
Liko dirisha la ukumbi, mbao yake bado haijakatwa. Nimemuuliza ami sasa hivi. Amekwisha kuifunga upya kamba kwenye msumari, ameiongeza nusu sentimita.