Eti weusi wa Marekani wanakufa sana na kansa kwa sababu hawapendi kupima? Tujadili

#1 (mleta mada)

Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo linanikera siku nyingi naomba tulijadili kwa hoja, matusi tuyaweke pembeni. Kila ikizungumzwa kansa ya huko Marekani lazima atokee mtu aseme Wamarekani weusi wanakufa zaidi kwa sababu hawapendi hospitali, wanaogopa majibu, wanamwachia Mungu, wanakuja mambo yameshaharibika. Juzi kuna jamaa kaandika hivyo hivyo kwenye grupu moja akamalizia "tatizo ni mtazamo wao", watu wakamgongea laiki za kutosha. Mimi nakataa.

Chukua kansa ya matiti. Mwanamke mweusi wa kule haugui kansa ya titi kumzidi mzungu, anaugua pungufu kidogo, ila kwenye kufa anamzidi kwa karibu asilimia 40. Ungetegemea basi kwenye kupiga mamogramu, ile picha ya titi ya kutafuta kansa, weusi wawe mkiani, si ndio? Wakiulizwa wenyewe kwenye takwimu za serikali weusi wako sawa na wazungu, na miaka mingine wamewapita. Yani mtu kapima na bado kafa, sasa huo mtazamo umeingilia wapi. Najua kuna aina mbaya ya kansa ya titi, ile isiyosikia dawa za homoni, inawapata wao kama mara mbili ya wazungu, hiyo ni sehemu ya jibu, lakini haitoshi kujaza pengo lote.

Nimeishi kule nikifanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Kuna mama mmoja mweusi wa huko huko tulikuwa zamu moja, kupima hakosi. Siku moja akanionyesha barua imekunjwa mara nne ndani ya mkoba, picha haijaeleweka, arudi kwa vipimo zaidi. Kile cha kwanza hakulipa kitu maana sheria ya bima ya 2010, ile ya Obama, inazibana bima nyingi zilipe vipimo vya kinga bila mgonjwa kuchangia. Cha pili kikahesabika sio kinga tena, ni kutafuta ugonjwa, na hapo bima yake ilitaka atoe zake kwanza. Ile barua ilikaa kwenye mkoba wiki sita. Ungekutana naye wiki ya tatu ungesema mwone huyu, kaitwa na hataki kwenda. Alikuwa anasubiri mshahara.

Na hata huo woga tunaoucheka una mwenyewe aliyeuleta. Pale Tuskegee, Alabama, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende kuanzia 1932 mpaka 1972 bila kuwaambia wanaumwa nini, na kufikia 1947 penisilini ilikuwa ndio dawa inayojulikana na hawakupewa. Clinton alikuja kuomba radhi 1997. Mtu wa ukoo ule akisita kuvua shati mbele ya daktari wewe unamwita mjinga?

Karibuni.

#2

Mleta mada umeandika vizuri ila umechagua kansa inayokubeba. Njoo kwenye tezi dume tuone. Mwanaume mweusi wa kule anakufa na tezi dume zaidi ya mara mbili ya mzungu, na mimi naishi nao, naendesha lori huu mwaka wa kumi na moja, wenzangu wengi ni weusi wa huko na bima ya kampuni tunayo. Sio hela hiyo. Mada ikianza watu wanacheka, eti ukishaingizwa kile kidole umekwisha habari yako, wakati siku hizi wanaanza na damu tu, PSA. Mwingine anakwambia wazi kansa ni hukumu, bora nife sijui. Kuna jamaa ana miaka 35 anakutajia Tuskegee kama kadi ya kutokea, ukimuuliza ilikuwaje hajui hata ni jimbo gani. Tusiwageuze watu wazima kuwa watoto, mtazamo upo na unaua.

#3

Mkuu hata wazungu wanakimbia kidole, hiyo ni tabia ya wanaume wote 😂

#4

Naomba niingie kidogo, mimi ni nesi hapo hapo Marekani.

#2 uko sahihi kwamba mtazamo upo, kuna mpaka madodoso ya kupima ile hali ya mtu kuamini kansa haina tiba hata afanye nini. Lakini kwenye hiyo tezi dume yako jopo la serikali linalotoa miongozo ya vipimo lilisema mwaka 2012 PSA isifanywe kwa mwanaume yeyote, ni 2018 ndio wakalegeza, kwamba wa miaka 55 mpaka 69 aongee na daktari wake waamue. Na utafiti mkubwa wa Marekani waliouegemea, weusi ndani yake walikuwa kama 4 kwa kila 100. Sasa mwanaume mweusi akija 2013 kuuliza, daktari anamwambia hakuna haja, anaondoka, alafu 2020 mnasema mtazamo.

Mapafu ndio kichekesho kabisa. Mwongozo wa 2013 ulisema apigwe CT, ile picha ya mashine ya kuangalia ndani ya kifua, mwenye miaka 55 mpaka 80 aliyevuta walau pakiti moja kwa siku kwa miaka 30 au hesabu inayolingana na hiyo. Weusi wengi wanavuta sigara chache kwa siku na wanaugua mapema zaidi. Utafiti wa majimbo ya kusini uliotoka 2019 uliangalia wavutaji ambao tayari wamekutwa na kansa ya mapafu, ukauliza wangapi wangeruhusiwa kupimwa kwa kanuni ile: wazungu asilimia 56, weusi 32. Hao wengine hata wangekesha mlangoni kwa hamu ya kupima wasingepimwa. 2021 ndio wakashusha ikawa miaka 50 na hesabu ya miaka 20.

Alafu kuna hospitali za maveterani, askari wa zamani wote wanatibiwa chini ya mfumo mmoja. Huko wakilinganisha wenye tezi dume, lile pengo la vifo kati ya weusi na wazungu halionekani. Wanaume ni wale wale mkuu, na uoga wao ule ule.

#5

Mbona kila siku nyeusi na nyeupe tu jamani? Marekani ina watu wengine. Miaka ya mwanzo ya tisini wanawake wenye asili ya Vietnam walikuwa wanapata kansa ya mlango wa kizazi mara tano ya wazungu. Wenyeji wa Alaska, kansa yao ya utumbo mpana ni kati ya za juu kabisa duniani. Na hapa nampa #2 nusu ya hoja yake, mwanamke ambaye hajawahi kuolewa ukimwambia apande kile kitanda amwonyeshe mwanaume asiyemjua sehemu zake, lugha yenyewe haelewi, atakataa tu hata iwe bure. Mpe mwanamke mwenzie anayeongea lugha yake uone kama hatapanda.

#6 (mleta mada)

Dada #5 umegusa penyewe. Pale Oakland, California, walichukua wanaume weusi, wengi wamewaokota vinyozini, wakawagawa kwa bahati nasibu, huyu kwa daktari mweusi yule kwa asiye mweusi. Haikuwa kansa, ilikuwa sukari, mafuta kwenye damu, presha na mengineyo. Kabla ya kukaa na daktari, wakiwa wameona picha yake tu, machaguo ya makundi yote yalikuwa karibu sawa. Wakishaongea naye wale wa daktari mweusi wakakubali vipimo zaidi, hasa vile vya kuchomwa sindano. Mtazamo gani huo unaobadilika ndani ya chumba kimoja kwa maongezi tu?

Na kubwa kuliko zote ni Delaware. Jimbo dogo, mwaka 2002 waliamua kulipia kolonoskopi, ile kamera inayoingizwa kwa nyuma kuangalia utumbo mpana, kwa wasio na bima, wakaongeza na kulipia matibabu kwa atakayekutwa na kansa, alafu wakaajiri watu wa kuwashika mkono wagonjwa kuanzia simu ya kwanza. Mwaka 2002 waliokuwa wamepima utumbo mpana walikuwa asilimia 48 kwa weusi na 58 kwa wazungu. 2009 wote 74. Vifo vya weusi kwa kansa hiyo vikashuka kwa asilimia 42, kuugua kukawa sawa kwa sawa. Miaka saba tu, watu wale wale, makanisa yale yale.

#2

Delaware nimeisoma, nakubali namba. Ila umejifunga mwenyewe. Kama mtazamo haukuwa tatizo wale wa kushika mkono walikuwa wanapiga simu za nini? Si walikuwa wanawashawishi?

#4

Wengine ndio, kwenye simu unasikia mtu ana hofu unamtuliza. Ila nyingi sio hizo. Kolonoskopi unajua inavyokwenda? Siku moja kabla huli, unaona supu ya maji maji tu, jioni unapewa lile jagi la dawa ya chumvichumvi unywe glasi kila baada ya robo saa mpaka liishe, usiku mzima uko chooni. Asubuhi unalazwa usingizi, na hawakuachii kutoka bila mtu mzima wa kukurudisha nyumbani, teksi peke yako wanakataa. Sasa hesabu, siku mbili bila kazi, na umpate mtu mwingine naye aache kazi yake. Nimeona mgonjwa kanywa jagi lote, kafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dada yake aliyemwahidi kumchukua kaitwa zamu, tukamrudisha. Kwenye faili inaandikwa hakufanya kipimo. Mtafiti akija kulisoma baadae anaona mweusi mwingine aliyekataa.

#3

Duh.

#2

Hiyo ya faili sikuijua. Bado nasema wapo wanaokataa tu na uwezo wanao, na mmojawapo mimi kwa kweli, nina 47 na umri wa kuanza waliushusha 45 toka 2021, sijagusa. Sina mtu wa kunirudisha nyumbani huku niliko, ndio maana nikasoma hilo jagi nikanyamaza kidogo. Nesi, nimesikia kuna cha kinyesi unafanyia nyumbani, ni kweli au ndio zile za kwenye TV?

#4

Kweli kabisa. Unatumiwa kichupa na kijiti, unakwaruza kinyesi kidogo, unafunga, unarudisha kwa posta. Kinatafuta damu isiyoonekana kwa macho. Hakuna jagi, hakuna kufunga kula. Ila ni kila mwaka, sio kila miaka kumi kama kolonoskopi, na kikileta damu lazima uende kolonoskopi, hapo hakuna kukwepa. Zamani hiyo ya pili ndio ilikuwa inakula watu pesa kama yule mama wa barua, ila bima zinazoanza mwaka wake wa malipo baada ya Mei 2022 nyingi zinatakiwa ziilipe yote. Mwombe daktari wako akuandikie.

#2

Poa. Sasa posta ndio kazi, nyumbani napita mara moja kwa wiki tatu. Kinaweza kukaa kwenye lori hicho kichupa?

#4

Kwenye joto la lori usithubutu. Fanyia nyumbani ile siku umefika, upeleke posta kabla hujaondoka tena.