Mjadala: Carmen auawe au asiuawe?

Mtoa mada: Wadau, hili linanisumbua tangu Januari 2018. Jumba la Maggio Musicale la Florence, Italia, liliigiza Carmen, opera (tamthilia ya kuimbwa) ya mtunzi Mfaransa Georges Bizet, likageuza mwisho wake. Kisa asilia mnakijua: Carmen, mfanyakazi wa kiwanda cha sigara Sevilla, Hispania, anamchoka askari Don José, anampenda mcheza na mafahali, na José anamchoma kisu nje ya uwanja. Mwongozaji Leo Muscato alikihamishia kwenye kambi ya Waroma (jamii inayobaguliwa Ulaya, si Warumi) miaka ya 1980, na mwishoni Carmen ndiye anayempiga José risasi. Hoja yao: vipi watu wapige makofi mwanamke anapouawa? (Usiku wa kwanza bastola iligoma kulia. Ukumbi ukazomea.)

Mimi nasema walimwonea Carmen. Karata za kubashiri zimeshamwonyesha kifo, kila akifunua ni kifo. Rafiki zake wanamnong'oneza kwamba José yumo kwenye umati, ajifiche. Anakataa. Anasimama mbele yake, anamwambia amezaliwa huru na atakufa huru, kisha anamtupia pete yake. Mpe bastola, na ule ujasiri wote unageuka kuwa nani kawahi kufyatua.

Mchangiaji wa kwanza: Kaka, opera si msahafu. Bizet alikufa Juni 1875, miezi mitatu tu baada ya onyesho la kwanza Paris, na mwaka huohuo mtunzi mwenzake Ernest Guiraud akageuza mazungumzo ya opera hiyo kuwa nyimbo ili ichezwe Vienna. Mbona huyo hakuzomewa?

Mtoa mada: Dada, Guiraud hakubadilisha maiti. Halafu sikiliza José anavyomalizia: nikamateni, mimi ndiye niliyemuua. Muuaji anakiri mbele ya watu. Ukimuua yeye, ungamo hilo umelipeleka wapi?

Mchangiaji wa pili: Mnagombania mwisho wakati kuleta kisa kwenye zama zetu hakuhitaji hilo. Waafrika Kusini waliitengenezea filamu huko Khayelitsha, kitongoji cha Cape Town, ikaimbwa Kixhosa, José akawa polisi. Carmen alikufa vilevile, na filamu ikachukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, 2005. Nilitoka pale sina hamu hata ya chai.

Mtoa mada: Umenisaidia, mkuu.

Mchangiaji wa kwanza: Hajakusaidia. Filamu ile haina ukumbi wa watu wanaosimama kushangilia pazia likishuka. Na hilo ungamo lako, kaka, hukulifikisha mwisho. Baada ya "mimi ndiye niliyemuua", José anamlilia maiti: Carmen wangu, Carmen niliyekuabudu! Sisi wanawake tunayajua maneno hayo. Wauaji wengi wa wake zao husema walimpenda mno. Huyu kapewa na okestra ya kumsindikiza, na hapo ndipo makofi yanapoanzia.