Kache kando ya njia ya mashambani: nani anasaini ruhusa?

Mama Leila:
Ndugu zangu, habari za baridi. Naomba msaada. Mimi na watoto tumeandaa kache yetu ya kwanza kuificha, yaani boksi la mchezo wa geocaching ambalo wengine hulitafuta kwa GPS. Ni la plastiki lenye mfuniko wa kubana, D1.5/T2 (ugumu wa kulipata 1.5, ugumu wa njia 2 kati ya 5), nyuma ya mzizi mkubwa kando ya njia ya umma huku kaskazini mwa England. Mkaguzi wa mchezo ameirudisha bila kuipitisha, anataka ruhusa ya mwenye ardhi. Nikaenda ofisi ya halmashauri: wakasema wao wanatunza njia tu, ardhi si yao, nimwone mkulima. Mkulima naye kumbe kakodi. Wakala wa wenye shamba ananijibu kwamba mambo ya njia za umma niulize halmashauri! Fomu iko mezani, haina saini. Nani hasa anatakiwa kusaini?

Baba Zawadi:
Pole sana dada. Yetu ilikataliwa kwa sababu ya umbali, kulikuwa na nyingine ndani ya mita 161, ikabidi tuvuke kijito kutafuta mahali pengine. Siku hiyo barafu ilikuwa imetanda hadi kwenye majani. Simu yangu ilikuwa na chaji zaidi ya nusu, ikazima palepale GZ, yaani mahali penyewe pa kache. Baridi inanyonya nguvu ya betri za lithiamu, kwa hiyo simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, uitoe ukisoma koordineti tu. Na bebeni penseli. Kalamu ya wino ikipata baridi haiandiki, na karatasi ya logi, ile ya kusaini ukiipata kache, ikishika unyevu ndiyo kabisa.

Mzee Hamisi:
Mnajisumbua bure. Sheria ya 2003 inakupa haki ya kupita kwenye ardhi, mashamba na milima. Ruhusa ya nini tena?

Shangazi Pili:
Shikamoo mzee wangu, lakini tusipotoshe watu. Sheria hiyo ni ya Scotland, na Mama Leila kasema yuko England. Huku njia za umma zimechorwa kwenye ramani rasmi ya halmashauri, na haki uliyo nayo ni ya kupita. Kuacha boksi ni jambo jingine kabisa. GAGB, chama cha geocaching cha Uingereza, wana orodha ya wenye ardhi waliokwisha kukubaliana nao, anzia huko. Tena msifiche ndani ya zile kuta za mawe yasiyo na saruji. Mtafutaji anachomoa jiwe moja, wa pili anachomoa mawili, mwisho ukuta umelala na kondoo wako barabarani. Na boksi liandikwe wazi kwa nje kwamba ni la mchezo huu. Mwaka 2011 pale Wetherby kikosi cha mabomu kililipua kache kwa sababu mtu aliishuku.

Mzee Hamisi:
Marahaba. Sikusema aache boksi, soma vizuri. Ninachosema ni kwamba ardhi ya nchi hii imeshikwa na watu wachache, ndiyo maana mama mzima anazungushwa ofisi tatu kwa kiboksi cha watoto. Unatembea kutwa kando ya waya, kulia waya, kushoto waya. Nilikokulia tulikatiza katikati ya mihogo ya jirani, tukamwamkia, naye akatuuliza habari za nyumbani, tukapita.

Dada Neema:
Mzee umenigusa. Wakati huu wa mwaka ndipo nakumbuka kwetu zaidi. Desemba hapa kabla ya saa kumi jioni jua limezama, na ukiwa bondeni giza linakuwahi zaidi. Ndiyo maana sisi tunaondoka asubuhi, na saa nane tukiwa hatujaiona tunaandika DNF (hatukuipata) na kurudi, hata kama watoto wananuna. Boksi likiwa limeganda msilibandue kwa nguvu, plastiki ya baridi inapasuka. Lishikeni mikononi kwanza, na glavu ziwe jozi mbili, maana za kwanza zitalowa tu.

Mama Leila:
Asanteni wote, ya penseli na glavu nimeyachukua. Orodha ya GAGB nimeiangalia, shamba hili halimo. Sasa mwenye ardhi ni wakala, au ni yule ambaye wakala anamwakilisha? Mkaguzi atakubali barua ya mkulima aliyekodi?

Baba Zawadi:
Mkulima hapana, nadhani. Ila dada, kabla hamjatoka tena, sajili simu yako kwenye huduma ya ujumbe mfupi ya namba ya dharura 999. Mara nyingi ujumbe unapita mahali ambapo sauti inakatika. Na filimbi ya kuomba msaada: milio sita, unatulia dakika moja, unarudia.

Shangazi Pili:
Filimbi avae mtoto shingoni, isikae ndani ya begi. Mzee Hamisi, Jumamosi unakuja kutembea nasi au utabaki kugombana na waya?

Mzee Hamisi:
Nakuja. Mniletee glavu.