Burito za kuku kwa watu sita: kuku mzima, mapaja au minofu ya kidari?

Chungu Kipya
Habari za jioni wakuu. Nataka burito za kuku, yaani chapati nyembamba za ngano (totila) zilizoviringishiwa nyama na maharage, ziingie kwenye ratiba ya chakula cha jioni hapa nyumbani, siku ya kawaida tu, si ya sherehe. Tuko sita, wanne watoto, na wawili kati yao wanakula kama watu wazima. Ninawaza njia tatu: minofu ya kidari isiyo na mifupa, mapaja yenye mifupa, au kuku mzima nimchemshe. Totila nazo sijaamua kama ninunue au nisukume mwenyewe. Natafuta unafuu wa kweli, ila watoto waione nyama, wasiishie kunusa tu. Nyie mnafanyaje?

Baba Sufuria
Kuku mzima, mkuu. Nyama unapata, supu unapata. Mjadala umeisha.

Mizani
Haujaisha, Baba Sufuria. Bei ya kilo buchani haitoshi kulinganisha, tuangalie bei ya nyama iliyoiva. Kuku mzima wa kilo moja na nusu, ukishamchemsha na kumnyofoa, ukaondoa ngozi na mifupa, anakuachia nyama kama gramu 600. Ni kama asilimia 40. Minofu ya kidari haina cha kutupa, inapungua maji tu, kwa hiyo kilo moja mbichi inabaki gramu 750 hivi. Mapaja yenye mifupa hayafiki nusu, tuseme asilimia 45.

Sasa chukua bei ya kilo ya kuku mzima ugawe kwa 0.4, ya mapaja ugawe kwa 0.45, ya kidari ugawe kwa 0.75. Inayotoa jibu dogo ndiyo nafuu. Maana yake, kidari kisipofika karibu mara mbili ya bei ya kuku mzima kwa kilo, kidari kinashinda, na wengi hawaamini mpaka wapige hesabu wenyewe.

Baba Sufuria
Hesabu naikubali, lakini supu hujaipa thamani yoyote, na supu ndiyo inayobeba chakula chote. Nieleze ninavyofanya.

Kuku anaingia sufuriani na maji ya kumfunika tu, kitunguu kilichokatwa mara mbili, kitunguu saumu, chumvi na pilipili manga. Yakichemka napunguza moto mpaka maji yawe yanatikisika kidogo kidogo, maana moto mkali unakaza nyama. Kwa uzito huo ni kama saa moja. Mwenye kipimajoto achome penye unene wa paja, isipungue nyuzi 74. Namtoa, apoe kidogo, halafu namchambua kwa vidole kufuata nyuzi za nyama. Nyama iliyochambuliwa nyuzi nyuzi inaenea kwenye burito yote, kila tonge lina kuku. Ya vipande vikubwa inajikusanya upande mmoja, na mtoto mmoja ndiye anayefaidi.

Kisha kwenye karai nakaanga kitunguu, natia bizari nyembamba, paprika, pilipili kidogo na nyanya mbili zilizosagwa, narudisha nyama na upawa mmoja wa supu. Nageuza mpaka mchuzi ushikane na nyama. Ukipitisha mwiko, chini ya karai paonekane pakavu kabla mchuzi haujarudi. Hapo epua. Mchuzi ukizidi, totila italowa na kupasuka mkononi.

Supu iliyobaki inapika wali na kulainisha maharage. Mtu aliyenunua kidari analipia ladha hiyo pembeni au anaikosa.

Kijiko Kirefu
Kwa siku ya kazi mimi natetea mapaja. Yanaiva kwa dakika 40 hivi, yana mifupa kwa hiyo supu ipo, na nyama yake haikauki hata ukiipasha moto kesho yake. Kidari kikipitiliza dakika chache tu kinakuwa kikavu. Kama hesabu ya Mizani inakaribiana, chukua mapaja.

Shamba la Nyuma
Wapendwa, tunabishana kuhusu kuku wakati akiba kubwa iko kwenye maharage. Gramu 70 za nyama iliyoiva zinatosha burito moja ya mtu mzima ikiwa maharage yapo ya kutosha. Kikombe kimoja cha maharage makavu kinatoa karibu vitatu yakiiva, kikombe cha mchele vivyo hivyo. Hapo zile gramu 600 za kuku zinatoa burito nane.

Yaloweke usiku, mwaga maji, na kama ni mekundu yachemke kwa nguvu dakika kumi za kwanza, kwa sababu yana sumu ambayo moto mdogo hauiondoi. Limau na nyanya visubiri yaive, vinayafanya yachelewe kulainika. Kisha ponda nusu yake na supu, hayo yaliyopondwa ndiyo gundi inayoshika kila kitu.

Na usidhani burito lazima ijazwe vitu kumi. Kaskazini mwa Meksiko, inakotoka, ni nyembamba na mara nyingi ina kitoweo kimoja au viwili tu. Hizo kubwa zenye wali ndani zilipata umaarufu mtaa wa Mission, jijini San Francisco, Marekani, miaka ya 1960. Jibini, parachichi na krimu ndivyo vinavyopandisha gharama. Chagua kimoja.

Mizani
Hapo Shamba la Nyuma amenishinda. Kwa gramu 70, tofauti ya kidari na kuku mzima inakuwa ndogo kuliko nilivyoifanya ionekane.

Mkono wa Unga
Totila: sukuma mwenyewe kama una saa moja, vinginevyo nunua bila kujilaumu. Vikombe vitatu vya unga wa ngano, kijiko cha chai cha chumvi, theluthi ya kikombe ya mafuta, na maji ya moto yasiyozidi kikombe kimoja, ukitia kidogo kidogo. Kanda mpaka ulainike, gawa madonge manane, funika nusu saa. Usiruke hiyo nusu saa, donge lisilopumzika linajirudi kila ukilisukuma. Tandaza upana wa sentimita 25, nyembamba sana, oka kwenye kikaango kikavu chenye moto, chini ya dakika moja kila upande. Zifunike kwa kitambaa mara zinapotoka ili mvuke uzilainishe.

Kijiko Kirefu
Jioni ya kazi, na watoto wanne? Mimi nanunua. Nguvu zangu naziweka kwenye kuku.

Chungu Kipya
Asanteni sana. Nimeamua: mapaja, maharage makavu, totila za kununua siku za kazi na za kusukuma mwisho wa wiki. Juu nitaweka parachichi tu. Maswali mawili: naweza kutengeneza za ziada? Na nafungaje zisifumuke?

Shamba la Nyuma
Unaweza. Ila wali usiukalishe mezani usiku kucha, una vijidudu vinavyostahimili kupikwa na huzaliana wali ukiwa vuguvugu. Upoze haraka, uingie friji ndani ya saa moja au mbili. Za friza zifunge moja moja kwenye foili bila parachichi wala kachumbari, zitakaa vizuri miezi miwili au mitatu. Ukipasha, hakikisha katikati pamechemka kabisa.

Mkono wa Unga
Kufunga: totila ipashe moto kwanza, ya baridi inavunjika. Weka vitu kwa mstari chini kidogo ya katikati, acha vidole vitatu kila pembeni. Kunja pembe zote mbili ndani, inua ukingo wa chini ufunike vitu, uvute kuja kwako ukaze, ndipo uviringishe. Ilaze kwenye kikaango kikavu, mshono chini, dakika moja. Haitafumuka.