Daraja la gitaa la bei nafuu: nibadilishe lote au nianzie kwingine?

Nyuzi Sita

Ndugu zangu wapiga gitaa, ninalo gitaa la umeme la bei nafuu, la umbo la Stratocaster ya kampuni ya Fender, ambalo daraja lake la tremolo, yaani kile chuma kinachoshika nyuzi na kuyumba ukisukuma mkono wake ili sauti ibadilike, limefungwa kwa skrubu sita upande wa mbele. Nimelipiga kwa miaka mitatu, na shingo yake imenizoea kiasi kwamba sina nia ya kuliuza. Tatizo ni kwamba kila nikiushusha mkono wa tremolo na kuuachia, nyuzi za G na B hurudi zikiwa juu kidogo ya sauti niliyozityuni, na nikizivuta kando wakati wa solo hurudi zikiwa chini. Isitoshe, skrubu ndogo za kunyanyulia vikalio vya nyuzi zimeshika kutu, mbili hazizunguki kabisa, na ncha zake zinanikwaruza kiganja.

Nimekusudia kununua daraja jipya lenye pande la feleji kwa chini, funguo za kukazia nyuzi za aina inayojifunga, na pia kubadilisha kile kipande cha plastiki chenye mifereji kilichopo mwisho wa shingo. Je, daraja lolote lililoandikwa kuwa ni la Stratocaster litaingia? Na kama nitaanza na kitu kimoja tu, kiwe kipi?

Fundi Bisibisi

Ndugu Nyuzi Sita, maelezo yako yamekwisha kumtaja mgonjwa, naye si daraja. Uzi unaorudi juu baada ya tremolo kushushwa, na kurudi chini baada ya kuvutwa kando, ni uzi unaokwama kwenye mfereji wa kile kipande cha plastiki. Unaposhusha mkono, uzi hulegea upande wa freti, vile vijiti vya chuma vilivyo kwenye shingo, na ile sehemu fupi iliyo kati ya mfereji na ufunguo, ambayo bado imekaza, huuvuta kuelekea kichwani. Unapouachia mkono, uzi unashindwa kuteleza kurudi ulikotoka, ndipo sauti inapobaki juu. Ukiuvuta uzi kando, mambo huenda kinyume chake.

Jaribu leo hii kabla hujanunua chochote. Tyuni uzi wa G, shusha tremolo, achia, kisha itazame tyuna, kile kifaa cha kupimia sauti. Halafu uvute uzi kando mara moja tu na kuuachia. Ikiwa sauti imeteremka na kurudi mahali pake, umemkamata mwizi. Legeza uzi, utoe kwenye mfereji, sugua ndani ya mfereji kwa penseli laini mpaka grafaiti yake ing'ae, kisha urudishe uzi. Ukiendelea kusikia mlio mdogo wa "tik" unapokaza, basi mfereji ni mwembamba kuliko uzi, jambo linalotokea sana gitaa lililotoka kiwandani na seti ya nyuzi ambayo ule mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.009 linapofungwa seti ya 0.010. Hapo utahitaji tupa nyembamba yenye upana wa uzi husika, na usugue kuta za mfereji, si sakafu yake, kwa sababu ukizidisha kina hata kwa unene wa unywele uzi utaanza kugonga freti ya kwanza na hutakuwa na njia ya kurudi isipokuwa kununua kipande kipya.

Sasa kuhusu daraja. Neno Stratocaster kwenye pakiti halitoshi, na hili nimelilipia mwenyewe. Nilinunua daraja zuri sana lenye nafasi ya milimita 56 baina ya uzi wa E mnene na E mwembamba, nikalifunga kwenye gitaa lililotengenezwa kwa milimita 52.5. Matundu hayakulingana, nikayaziba na kutoboa mengine, na nilipomaliza nyuzi mbili za pembeni zilikuwa zimekaa ukingoni kabisa mwa shingo, hata nikibonyeza E mwembamba kwa nguvu kidogo ulidondoka nje ya freti. Daraja lile nililing'oa baada ya wiki moja.

Kwa hiyo chukua rula nzuri, au kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, kama unayo, na upime kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita, juu ya vikalio. Madaraja mengi ya aina hii huangukia karibu na milimita 52.5, 54 au 56. Kisha pima kutoka katikati ya skrubu ya nje upande mmoja hadi ya nje upande wa pili, kwa maana kipimo hiki hakifuati lazima kile cha nyuzi. Mwisho, fungua mfuniko wa nyuma na upime urefu wa pande linaloning'inia ndani, pamoja na unene wa mwili wa gitaa. Mwili wa Stratocaster wa kawaida una unene wa karibu milimita 45, lakini magitaa mengi ya bei nafuu ni membamba zaidi, na pande refu la feleji litachomoza mgongoni.

Mkono wa Kushoto

Nakubaliana na fundi kuhusu vipimo, ila niseme neno kuhusu hilo pande la feleji, kwa sababu watu hulinunua wakitarajia miujiza. Kila anayebadilisha daraja hufunga nyuzi mpya siku hiyohiyo, kisha sifa zote hupewa daraja. Sisemi kwamba uzito wa chuma haubadilishi kitu. Nasema kwamba kwenye gitaa langu tofauti ilikuwa ndogo kuliko ile niliyoipata kwa kushusha pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, milimita mbili.

Udhaifu wa kweli wa aloi ya zinki, ambayo ndiyo pande la madaraja mengi ya bei nafuu, uko kwingine. Tundu la mkono wa tremolo likitobolewa katika pande la zinki, hesi za skrubu ndani yake huliwa haraka, na mkono unaanza kucheza kama jino bovu. Kama wako bado umeshika vizuri, unaweza kubadilisha vikalio peke yake. Kumbuka tu kwamba vikalio navyo vina upana: daraja la milimita 52.5 hutumia vya milimita 10.5, na ukiweka vipana zaidi vitabanana.

Tena niulize: tremolo unaitumia kweli? Mimi niliacha, nikachonga kabari ya mbao ngumu na kuiingiza kati ya pande na ukuta wa shimo lake, na tangu siku hiyo nikikata uzi mmoja katikati ya wimbo zile tano zilizobaki hazitikisiki.

Nyuzi Sita

Ahsanteni sana, wakuu. Tremolo naitumia, hivyo kabari itasubiri. Nimepima: nyuzi milimita 52.5, skrubu za nje milimita 52.5, mwili milimita 42, na pande la ndani milimita 36. Penseli imeuponya uzi wa B kabisa. Wa G umepata nafuu, lakini bado unalia "tik". Nilipofungua niliona jambo jingine: skrubu zote sita za mbele zimekazwa hadi mwisho, na bati la daraja limepinda kidogo katikati. Je, hivyo ndivyo inavyotakiwa?

Fundi Bisibisi

La, hasha. Bati lile linatakiwa liweze kuyumba mbele na nyuma juu ya skrubu hizo, na ukizikaza zote unaligeuza kuwa mlango uliopigiliwa misumari. Legeza nyuzi kwanza. Zile nne za katikati zifungue ziinuke mbali na bati, kisha zile mbili za nje zishushe mpaka vichwa vyake viliguse bati kidogo tu bila kulibana, huku ukiunyanyua na kuushusha mkono kuhakikisha kwamba bati halikwaruzi popote. Bati lililopinda halitakaa sawasawa hata ufanyeje, kwa hiyo sasa nakuunga mkono: badilisha daraja lote, la milimita 52.5 kwa nyuzi na kwa skrubu, lenye pande lisilozidi milimita 38 hivi. Mwili wako wa milimita 42 hauvumilii zaidi ya hapo kwa usalama.

Utakapolitoa la zamani utaona waya mmoja umelehemiwa kwenye kile kibati chenye kulabu za springi. Huo ni waya wa ardhi, usiukate. Ukikatika, gitaa litavuma, na mvumo hautanyamaza ukishika nyuzi. Tundu lolote la skrubu lililolegea litie vijiti vya kuchokolea meno vilivyopakwa gundi ya mbao, acha vikauke usiku kucha, ndipo uikaze skrubu upya.

Funguo zinazojifunga ziache kwa sasa. Ukiamua baadaye, pima kwanza tundu la kichwani, kwa kuwa magitaa mengi ya kisasa yana milimita 10 na mengine hayafiki 9. Kwa funguo ulizonazo, uzi uzungushe mara mbili au tatu kuelekea chini bila kupandana, na utaona kwamba nyingi ya lawama zake hazikustahili.

Ukimaliza, funga nyuzi mpya, kisha linganisha sauti ya uzi ulioguswa tu juu ya freti ya 12 na ya uzi uleule ukibonyezwa hapohapo. Ya kubonyezwa ikiwa juu, kirudishe kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Usifanye hivyo kwa nyuzi za zamani, kwani zitakudanganya. Na ule mfereji wa G upige tupa kidogo kabla ya yote.