Mjadala: Fomu za huduma za umma zilazimishwe kuwa nyepesi, au msanidi aachiwe achague?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kila likiguswa watu wa React (zana ya JavaScript ya kujengea kurasa za tovuti) wanadhani wanasemwa wao.

Msimamo wangu ni huu: fomu ya huduma ya umma, iwe ya mkopo wa chuo, leseni ya biashara, cheti cha kuzaliwa au maombi ya kazi, ni lazima ifunguke na ijazike hata kama JavaScript, yaani programu inayotumwa pamoja na ukurasa ili iendeshwe ndani ya brauza, haijafika kwenye simu ya mwombaji. Na hilo liandikwe kwenye zabuni pamoja na kikomo cha uzito wa ukurasa. Liwe sharti ambalo mzabuni akilivunja halipwi.

Fungua tovuti nyingi za siku hizi, kisha angalia msimbo ule unaotoka kwenye seva. Unakuta kitu kama `<div id="root"></div>` na karibu hakuna kingine. Kichwa cha habari hakipo, maelezo hayapo, sehemu ya kuandika jina haipo. Vyote vimo ndani ya faili la JavaScript ambalo simu inatakiwa ilipakue, ilisome na ilitekeleze ndipo fomu itokee. Kwenye kompyuta ya msanidi yenye RAM ya GB 16 na faiba ya ofisini, ni kufumba na kufumbua. Kwenye simu ya RAM GB 1 iliyojaa picha za WhatsApp, mtandao umeshuka hadi E, mtu anatazama ukurasa mweupe. Faili likikatikia njiani, weupe ule ndio unaobaki, na hakuna hata neno moja la kumweleza kilichotokea.

Tupige hesabu. Takwimu za HTTP Archive, mradi unaopima uzito wa tovuti duniani, zinaonyesha ukurasa wa kawaida wa tovuti umeshavuka MB 2, na zaidi ya KB 500 kati ya hizo ni JavaScript. Kwa kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde, MB 2 zinakula kama sekunde 160. Fomu ya HTML (lugha ya msingi ya kurasa za tovuti) yenye KB 100 inakuja kwa sekunde 8 hivi. Na KB 500 za JavaScript hazifanani na KB 500 za picha, kwa sababu zikishafika ndipo kazi ya prosesa inaanza.

Sasa nani analipa? Ukurasa ukitengenezwa kwenye seva, gharama ni ya taasisi. Mtindo huu umeihamishia kazi ile kwenye simu ya mwananchi, kwa bando lake na chaji yake. Akishindwa anaishia steshenari, anamlipa kijana wa pale amjazie, na anamwachia namba ya NIDA na nywila. Hapa ndipo panaponiuma zaidi. Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, halafu tunajenga fomu zinazomsukuma mtu akakabidhi taarifa zake zote kwa asiyemjua.

Kuna wanaosema JavaScript iko kila mahali, wanaoizima ni wa kuhesabu. Ni kweli, ila kuizima siyo tatizo. Mwaka 2013 kitengo cha huduma za kidijitali cha serikali ya Uingereza kilipima jambo hili kwenye tovuti yao. Asilimia 1.1 ya waliotembelea hawakupata JavaScript. Walioizima, au wenye brauza zisizoiweza, walikuwa asilimia 0.2 tu. Asilimia 0.9 iliyobaki walistahili kuipata na haikuwafikia. Hiyo ni Uingereza, kwa mtandao wa Uingereza. Mtu wa Kakonko au Liwale tumweke kwenye fungu gani?

Wengine wanasema wamepima watumiaji wao na wote wana simu nzuri. Mhandisi aliyekuwa YouTube, Chris Zacharias, alisimulia mwaka 2012 jinsi alivyoupunguza ukurasa wa video kutoka MB 1.2 hadi KB 98. Takwimu zilipokuja, wastani wa muda wa kufunguka ulikuwa umepanda! Walipochimba waligundua kwamba watu wa Afrika, Amerika ya Kusini na Asia ya Kusini-Mashariki, ambao ukurasa wa zamani ungewachukua zaidi ya dakika 20, sasa walikuwa wanaupata kwa dakika 2 na ushee, kwa hiyo wakaanza kuingia. Kabla ya hapo hawakuwemo kwenye takwimu kabisa. Ukipima wale tu walioweza kuingia, aliyeshindwa mlangoni hutamwona.

Hoja ya soko la ajira naiona nzito kuliko zote. Vijana wanaoijua React wapo wengi, wanajenga haraka, na kozi nyingi zinaanza nayo kabla mwanafunzi hajajua fomu ya HTML inajituma vipi yenyewe. Simwambii mtu aiache. Hata kurasa za React zinaweza kutengenezwa kwenye seva, na zana za upande wa seva kama Laravel na Django zinafanya hivyo tangu mwanzo bila kuombwa. Fomu ifanye kazi kwanza ikiwa HTML tupu, kisha JavaScript ije kuirembesha kwa anayeipata.

Kuna mahali nakubali kabisa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejaza taarifa za kaya pasipo na mtandao, akazituma akirudi kwenye mnara, anahitaji programu inayofanya kazi yote ndani ya simu. Ramani pia. Sharti hili lisiwaguse hao.

Na wanaosema "mwenye kiswaswadu atumie USSD": USSD, zile menyu za kupiga namba za nyota na reli, imefanya makubwa, haihitaji bando, na *150*00# hata bibi kijijini anaijua. Lakini skrini moja ya USSD haibebi zaidi ya herufi 182. Huwezi kupakia cheti humo, wala kusoma masharti ya mkopo.

Tukiwa bado kwenye fomu, hili nalo lirekebishwe: mtu anaitwa Ng'wandu, anaambiwa jina lake lina herufi zisizoruhusiwa, tena kwa Kiingereza. Anafuta kile kialama, anaendelea, na jina linagoma kufanana na la cheti. Fomu imejengwa kwa ajili ya watu wa Shinyanga na Simiyu, halafu inakataa majina yao.

Pendekezo langu: ukurasa wa kwanza wa fomu usizidi KB 150, na majaribio yafanyike kwenye simu janja ya bei ya chini kabisa inayouzwa Kariakoo, kwa 2G, mbele ya mtu wa taasisi, kabla malipo ya mwisho hayajatoka. Mliowahi kuandika hadidu za rejea kwenye vitengo vya TEHAMA, kuna kipengele gani cha manunuzi kinachozuia hili? Na mnaoipinga namba yangu ya KB 150, wekeni ya kwenu, mtaje na simu mliyopimia.